Pua Zetu Si Migodi ya Dhahabu

Leo nataka kuitetea pua. Pua ya mtu si mgodi kama ile ya Macalder hapa Migori, eti lazima ichimbwe hadi mwisho ndipo kitu kipatikane.

Mnakumbuka Juni 2021, Korona ilipochacha na serikali ikaziwekea kafyu ya saa moja jioni kaunti 13, Migori na Homa Bay zikiwemo. Nilikuwa darasa la saba. Nilipimwa kwa kile kijiti kirefu kinachopita puani hadi nyuma, pale pua inapokutana na koo. Machozi yalinitoka bana! Nikirudi nyumbani nikatia chumvi, nikasema kinafika kwenye ubongo. Nyanya yangu, ambaye alikuwa akikohoa wiki nzima, akaapa hatatia mguu zahanati. Alipona, lakini mpaka leo hatujui aliugua nini, wala aliwaambukiza wangapi sokoni.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Kijiti kifupi huingia puani kama sentimita 2 tu, kikazungushwa tundu zote mbili, na mtu anaweza kujifanyia mwenyewe. Hata mate yanafaa: unatema kwenye kichupa, basi. Marekani iliruhusu njia ya mate ya Chuo Kikuu cha Yale mnamo Agosti 2020. Nasi Wakenya si wageni wa mambo haya. Mwaka wa 2017 nchi yetu ilizindua vifaa vya kujipima Ukimwi, kimojawapo cha kupangusa ufizi tu bila kudungwa. Kama tuliweza kwa Ukimwi, mbona tushindwe kwa kikohozi?

Wapo watakaosema kijiti kirefu hunasa virusi vizuri zaidi, hasa vikiwa vichache. Ni kweli, na mgonjwa aliyelazwa apimwe hivyo daktari akiona inafaa. Lakini kipimo kizuri kinachokimbiwa kinamfaa nani? Anayekikimbia hupanda matatu, huenda sokoni, hulala bwenini na wenzake. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kwa hivyo naziomba kaunti zetu mbili ziweke vijiti vifupi na vichupa vya mate katika zahanati kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi. Nasi wanafunzi tuache kutia chumvi tukifika nyumbani. Mimi nilitia, na nyanya yangu akaogopa. Wewe je?

Mwanachama, Kidato cha Nne