Jino limeng'olewa, pengo je?

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, au Mwakitolyo, Shinyanga, huvumilia gego bovu mpaka shavu livimbe. Akishindwa kulala ndipo anapanda bodaboda kwenda hospitali. Sindano ya ganzi, koleo, pamba ya kuuma, vidonge vya maumivu, na kesho yake yuko duarani, kwenye shimo lake la kuchimbia. Cheti chake kimeandikwa kwamba jino limetolewa. Pengo halikutajwa.

Hapo ndipo huduma ya meno katika ukanda wa dhahabu inapokatikia njiani.

Fupa la taya lisilo na jino la kushikilia husinyaa. Ndani ya mwaka mmoja linaweza kupoteza hadi nusu ya upana wake, na sehemu kubwa hupotea katika miezi mitatu ya kwanza. Meno jirani huinamia pengo, na lile la taya ya pili lililokuwa likikutana nalo hurefuka kwa kukosa mwenzake. Magego ya upande mmoja yakiisha, michembe na nyama ya kuchoma hubaki kuwa kazi ya upande mwingine, ambao nao huchakaa. Ni kweli, gego la mwisho kabisa halidai mrithi.

Siku hizi kinachonadiwa zaidi kuziba pengo ni kipandikizi, skrubu ya titani inayopandwa ndani ya fupa. Msweden Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na ubora wake hauna ubishi. Lakini fupa huhitaji miezi kadhaa kuishika skrubu hiyo, sigara huhatarisha kazi nzima, na gharama yake si ya mtu anayesubiri karasha isage mawe ndipo ajue kama atakula. Daraja, yaani jino bandia linaloegemea meno jirani, nalo hulazimu kuyachonga meno hayo mawili, pengine mazima kabisa. Hiyo ni bei nyingine, hata kama haiandikwi kwenye risiti.

Yanabaki meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo wengi huyadharau bure. Mgonjwa huwekewa kinywani trei yenye uji mzito unaoganda kwa dakika chache na kubeba chapa ya fizi. Chapa hujazwa plasta. Fundi hupanga meno kwenye nta, mgonjwa huyajaribu, kisha nta huyeyushwa na nafasi yake kujazwa akriliki ya rangi ya fizi. Usiku huvuliwa na kulazwa kwenye maji.

Kazi hiyo inataka chumba, vifaa vya wastani na fundi sanifu aliyesomea. Fedha zipo. Tangu Sheria ya Madini ya Tanzania irekebishwe mwaka 2017, kampuni za migodi hupaswa kupanga kila mwaka, pamoja na halmashauri, miradi ya kuinufaisha jamii. Madarasa na zahanati vimejengwa kwa njia hiyo, na ni vyema. Maabara moja ya meno bandia Geita na nyingine Shinyanga zingegharimu sehemu ndogo tu ya fungu la miradi hiyo, na daktari angeweza kumwonyesha mgonjwa njia zote kabla hajashika koleo.

Halmashauri zinazopanga bajeti zisikawie. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na fungu la mgodi halidumu kuliko mgodi wenyewe.