Mbwa Hana Hila, Hila ni za Mwenye Mbwa



Wengi wenu mnamfahamu mbwa kazini: yule afuataye nyayo za mwizi au alindaye ghala usiku. Huyo hupimwa kwa kazi yake. Lakini wako mbwa wapimwao kwa umbo na mwendo, na hapo ndipo binadamu hutia mkono wake.

Mnamo Juni 1859 yalifanyika mashindano mashuhuri ya mbwa mjini Newcastle, Uingereza. Walioshindanishwa walikuwa mbwa wa wawindaji wa jamii mbili, pointa na seta, na zawadi zilikuwa bunduki. Matokeo yalikuwa ya ajabu: mwamuzi mmoja wa pointa alitwaa zawadi ya seta, na mwamuzi mmoja wa seta akatwaa ya pointa! Yamkini mbwa wao walikuwa bora kweli. Lakini ni nani angesadiki? Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwaka 1873 iliundwa Kennel Club ili kuweka kanuni. Hata hivyo, kanuni haziwezi kufuata kila kidole. Mtu humsogeza mbwa wake nyuma ya mwingine hadi yule aliye mbele aingiwe na hofu na kuharibu mwendo. Mwingine humsimamisha wake penye mwinuko ili kasoro ya mgongo isionekane. Wako pia wapakao manyoya rangi, jambo lililokatazwa waziwazi.

Askari atauliza: je, hizo si mbinu tu? La, ndugu yangu. Mbinu ni za kumshinda adui. Mchezoni aliye mbele yako ni mwenzako, na mwamuzi amekuamini. Kumwonyesha mbwa wako kwa ustadi ni haki yako; kumwaibisha wa mwenzako au kuficha ukweli ni wizi wa heshima.

Tena lipo baya zaidi. Kwa kutafuta tuzo, watu walizalisha mbwa wenye pua fupi mno, ngozi yenye mikunjo mingi na macho yaliyolegea, kwa kuwa sura hizo ziliwapendeza waamuzi. Katika maonyesho makubwa ya Crufts, mjini Birmingham, mwaka 2012, washindi wa jamii 15 walitakiwa kuchunguzwa na madaktari wa wanyama kabla ya kuendelea. Sita walikataliwa, miongoni mwao buldogi na Pekingese. Wenye mbwa walilalamika sana. Lakini mbwa asiyeweza kupumua vizuri atamlalamikia nani? Yeye hakuomba kikombe wala utepe.

Hapa ndipo penye funzo kwa nyumba zetu. Mtoto wetu ashindapo mbio au mtihani, tusiulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Tumwulize pia, "Umeshindaje?" Na baba au mama asiwe wa kwanza kumfundisha njia ya mkato, kisha akashangaa siku atakapodanganywa yeye mwenyewe. Kikombe kilichopatikana kwa hila hukaa kabatini kama kingine chochote, lakini aliyekitwaa hujua, na kila akifutapo vumbi hukumbuka.

Tushinde kwa haki, na tukishindwa, tumpe mwenzetu mkono. Kwaherini hadi wiki ijayo.