Pembe Ile Haikuwa Pambo

Wapenzi wengi wa sanaa hushikilia kwamba pambo ni pambo tu: tulitazame kwa uzuri wake, siasa tuziache mlangoni. Siikubali kauli hiyo, na kilichonifanya niikatae ni maonyesho ya kimataifa ya Brussels ya mwaka 1897, hasa ile sehemu ya Kongo iliyowekwa Tervuren, nje kidogo ya jiji.

Ukumbi wa heshima wa Tervuren ulipambwa kwa sanamu za pembe za ndovu. Mojawapo, ya Charles Van der Stappen, ni mwanamke kuanzia kifuani kwenda juu, amevaa kofia ya vita, uso laini mweupe, kidole kakiinua mdomoni kutaka watu wanyamaze. Mkono ulioichonga ulikuwa hodari, hilo silipingi. Ila sinyamazi. Pembe ziliwafikia wachongaji wa Ubelgiji kutoka Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold II, na zilitolewa makusudi ili bidhaa ya koloni ipate soko na koloni lenyewe lipate sifa. Pembe za mashariki ya Kongo, ambazo zamani zilifika Unguja mabegani mwa wapagazi, baadhi yao watumwa, baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola hiyo na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili zilielekezwa Antwerp. Dhuluma ilibadili njia na bwana. Vijijini, pembe zilikusanywa kwa mtutu wa bunduki.

Philippe Wolfers naye alitengeneza kazi ya pembe na fedha: batamaji akipambana na joka. Ikaitwa Ustaarabu na Ushenzi, ikakabidhiwa Edmond van Eetvelde, aliyesimamia utawala wa Kongo akiwa Brussels. Jamani, siasa gani hiyo iliyoachwa mlangoni? Msanii mwenyewe aliingia nayo ndani, akaipa kazi yake jina la siasa hiyo.

Na nje, bustanini, Wakongo 267 waliletwa wakatazamwe katika vijiji vya kuigiza. Watu zaidi ya milioni moja walipita. Saba kati ya walioletwa hawakurudi kwao: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamezikwa Tervuren, kando ya kanisa.

Kwa hiyo popote sanamu zile zinapowekwa leo, kibao kisiishie kwenye jina la mchongaji na mwaka. Kiandikwe pembe imetoka Kongo, imechukuliwa na nani, na kwa nguvu gani. Na majina yale saba yaandikwe kwa herufi kubwa sawa na za Van der Stappen.