Antene ya jirani: tupime kwanza, ndiyo tulaumu

Wandugu vijana wa Manika na Dilala,

Fungulo ya motokari ikikataa kufunga, redio ikikwaruza ao wifi ikikatika, tunatafuta mara moja mtu wa kulaumu. Wa kwanza ni yule kijana mwenye kusimamisha antene ndefu kwenye parseli yake. Watu wanasema ni mpelelezi, antene ing'olewe. Shiye tunasema: hapana, tupime kwanza.

Radioamatere ni mtu anayeongea kwa redio juu ya kujifunza, bila kutafuta faranga. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (UIT) unamtambua, na majina ya redio za Kongo yanaanza na 9Q. Si kitu kigeni: wazazi wetu walipanga mustari kwa foni ili waongee na ndugu wa mbali, mbele simu ya mkono haijafika.

Ni kweli, anaweza kusumbua. Katika kanda ya Afrika na Ulaya, radioamatere wanapewa megahezi 430 mpaka 440. Fungulo nyingi za motokari na za milango zinatumia 433.92, katikati kabisa. Redio ya mkono inatoa wati 5 hivi. Fungulo haifikishe hata sehemu moja ya mia ya wati. Mmoja anapiga kelele, mwingine ananong'ona. Lakini tujue: vyombo vidogo vile vinauzwa bila lisansi, na kwa kawaida mwenye navyo hana haki ya kulindwa. Vingi havina filta nzuri.

Tena, pengine mwenye kosa ni shiye wenyewe. SNEL ikikata umeme, tunawasha konvertisere na chaja za bei ya chini. Zile nazo zinatupa kelele kwenye mawimbi, na radioamatere naye anaumia. Wifi ya 2.4 gigahezi inagombana na wifi ya majirani, na hata na furu ya mikrowevu.

Kujua ukweli si kazi ngumu. Andika saa ya matatizo, umuombe jirani aandike saa zake za kuongea, mulinganishe. Kisha azime redio, na weye uzime konvertisere, mmoja mmoja. Matatizo yakibaki, antene haina kosa.

Lakini wakishindwa kusikilizana, waende wapi? Sheria 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inampa ARPTIC kazi ya kusimamia mawimbi. Leta ilijua vizuri kutukata krediti ya simu kwa jina la RAM, mpaka wananchi wakakataa na ikafutwa mwaka 2022. Kukata pesa inaweza. Kuja kupima mawimbi kwa mwananchi, je?

Ndiyo maana tunadai:

1. Malalamiko ya mawimbi yapokelewe na yapimwe hapa Kolwezi, bila kulipa.
2. Njia ya kuomba lisansi ya radioamatere ielezwe wazi, kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na bei yake.
3. Vijana waliosoma elektroniki wapewe ile kazi ya kupima. Tuko wengi, tuko na diplome, tunakaa tu nyumbani.
4. Asiwepo mtu wa kung'oa antene ya mwenzake kwa tetesi.

Mji unaochimba shaba na kobalti ya dunia nzima hauwezi kukosa mtu mmoja mwenye chombo cha kupima. Mawimbi ni mali ya wote. Tuyalinde kwa akili, si kwa mawe.