Rangi tatu, ladha moja

Mwezi wa tatu 2012, kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa mchezo wa video Mass Effect 3, mwisho wa hadithi iliyoanza 2007. Kwa miaka yote hiyo wachezaji waliambiwa kwamba kila uamuzi wao una uzito: nani aishi, nani afe. Kufika mwisho, wakapewa njia tatu, na picha za kufunga hadithi zikafanana karibu zote. Tofauti kubwa ilikuwa rangi: nyekundu, kijani, bluu.

Mashabiki wakaitumia kampuni keki ndogo 400 za rangi hizo, zote ladha moja. Nilicheka, lakini walikuwa na haki.

Eti mtunzi amalize hadithi yake anavyotaka? Nakubali. The Last of Us ya 2013 haimwachii mchezaji kuamua namna hadithi itakavyoisha, wala haikumwahidi hivyo. BioWare iliuza uhuru ambao haukuwamo.

Mwezi wa sita ikaongeza matukio mapya bure, pamoja na njia ya nne: kuzikataa zile tatu. Ukizikataa, unashindwa vita.