Mjane wa Mbita: Mrithi au Mirathi?

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Usemi huo ulifaa zama ambazo mnyonge hakuwa na pa kushtakia, lakini hauna nafasi katika nchi inayojinasibu kutawaliwa na sheria. Hata hivyo, huko Mbita na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, wangali wapo wajane wanaoambiwa wampishe shemeji: waache shamba, nyumba na pengine mashua ya marehemu, au wakubali tero ndipo wasalie. Si jambo geni. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake kumiliki mali nchini Kenya ilieleza visa vya aina hii miongoni mwa wajane wa Kiluo kwa mapana na marefu.

Kisa cha namna hii kinapotokea, watu wengi hukimbilia kusema kwamba mkosaji atiwe ndani. Kauli hiyo haina ubaya, ila haitoshi. Sheria ya jinai humwadhibu mkosaji. Haimrudishii mjane shamba lake. Shemeji anaweza kufungwa mwaka mzima na mahindi yakaendelea kuvunwa na nduguze. Sheria ya madai ndiyo yenye nafuu zinazogusa maisha: amri ya zuio ili ardhi isiuzwe wala nyumba isibomolewe, tamko la mahakama kwamba haki ni ya fulani, kurejeshewa kilichonyang'anywa, na fidia kwa hasara iliyopatikana. Haki ya binadamu isiyokuwa na nafuu ni sawa na nyavu zisizo na mashua: zinapendeza ufukoni, lakini hazileti samaki.

Ikumbukwe kwamba njia hii haikuwa wazi tangu awali. Mwaka 1987, katika kesi mashuhuri ya maziko ya wakili S. M. Otieno, mjane wake Wambui alikwenda katika mahakama ya madai akashindwa na ukoo, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Katiba ya wakati huo, katika kifungu cha 82, ilikataza ubaguzi kwa mkono mmoja na kuuruhusu kwa mkono wa pili, kwa kuwa iliziacha kando sheria za ndoa, talaka, maziko na urithi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilikuwa afadhali: ilimpa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyosalia katika uhai wake. Aidha, ilitamka kuwa ni kosa kwa yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na kwamba mwingiliaji atawajibika kwa msimamizi halali. Wilaya kadhaa, kama vile Turkana, Samburu na Wajir, ziliachiwa mila katika ardhi ya kilimo na mifugo. Nyanza Kusini haikuwamo. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapunjwe kwa sababu huenda wakaolewa. Hatimaye Katiba ya 2010 ikaubatilisha utaratibu wowote wa kimila unaokinzana nayo, na katika vifungu vya 22 na 23 ikaruhusu kila mtu kudai haki zake mahakamani bila ada ya kufungulia kesi, na ikaorodhesha nafuu anazoweza kupewa. Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 nayo inataja waziwazi kurithiwa kwa nguvu na kutakaswa kwa mjane kuwa ni unyanyasaji, na kumruhusu mwathiriwa kuomba amri ya ulinzi na fidia.

Wapo watakaosema kwamba mahakama huvunja ukoo, na kwamba mambo ya boma yaamuliwe na wazee. Hoja hii haifai kubezwa. Kifungu cha 159 cha Katiba chenyewe kinahimiza njia za jadi za usuluhishi, mradi zisikiuke haki za kimsingi, na shirika la KELIN limeshirikiana na wazee wa Kiluo katika Homa Bay na Kisumu kuwarejesha wajane katika mashamba yao. Isitoshe, mila ina jambo la kusema hapa. Kwa Kidholuo mjane huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Bado ni mke wa marehemu na mwenyeji wa boma lile. Hata watoto wanaozaliwa katika tero huhesabiwa kuwa wa marehemu. Basi anayemfukuza amevunja mila kabla hajavunja sheria. Lakini usuluhishi hufaulu pale tu ambapo mnyonge ana pengine pa kwenda. Mzee husikilizwa zaidi shemeji anapojua kwamba mahakama ipo Mbita na Mahakama Kuu ipo Homa Bay.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tero imezoeleka kutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa "kurithi mke". Kitenzi hichohicho hutumika kwa ng'ombe na shamba. Kwa tafsiri hiyo, mjane ambaye kisheria ni mrithi, hugeuzwa mirathi. Kosa la msamiati hupotosha fikra, na fikra iliyopotoka hupotosha ushahidi.

Hali kadhalika, mahakama za chini zinaruhusiwa kutumia Kiswahili, na Kanuni za mwaka 2013 za kulinda haki za kimsingi zinaruhusu hata maombi ya mdomo au barua ya kawaida. Lakini hati nyingi, kumbukumbu na hukumu huandikwa kwa Kiingereza, na mwanamke anayeuza omena huondoka mahakamani na karatasi asiyoweza kuisoma. Haifai kudai kwamba Kiswahili pekee kitamwokoa. Lugha ya nyumbani kwake ni Kidholuo, na Wasuba wa maeneo hayo wanajua uchungu wa lugha kumezwa na nyingine. Ushahidi wake usikike kwa lugha yake, kwa mkalimani aliyefunzwa. Kiswahili kinachodaiwa ni kile cha fomu ya mirathi, cha amri ya zuio na cha hukumu.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanasheria peke yao. Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi wake vina uwezo wa kusanifu istilahi za sheria ya madai, kuzijaribu kwa wasemaji wa kawaida, na kuandaa vijitabu vinavyosomeka. Tasnifu ngapi zimechambua haki ya mwanamke katika riwaya, na ni ngapi zimeichambua katika fomu anayotia kidole gumba?