Makapi ya mupunga si takataka

Mupunga uliletwa Kasongo na wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1800, na mpaka leo unatulisha, Kabambare pia. Lakini makapi yake je? Katika kila kilo 100 za mupunga, karibu 20 ni makapi. Tunayaacha yaoze ao yaungue bule nyuma ya mashini, na wamama wanaenda mbali kutafuta kuni.

Makapi yakichomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo, yakachanganywa na uji wa muhogo, yakafinyangwa na kuanikwa juani, yanakuwa makala ya kupikia. Unga wa mbao vilevile.

Wenye mashini, muwaachie wamama makapi hayo. Na wakubwa wa teritware wawanunulie vyombo vya kukamulia. Pori halitatungoja.